Maganda ya mayai badala ya kostiki: jibu kwa wakamuaji wa mbono kaburi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha watu 12 wilayani Monduli. Tuna ua wa mbono kaburi kuzunguka mashamba yetu, na kwa mashine ya kukamulia tuliyonayo tunapata mafuta kama lita 60 kwa mwezi wakati wa msimu. Mwezi uliopita tulijaribu kuyageuza kuwa dizeli kwa methanoli (aina ya pombe ya viwandani) na kostiki soda, lakini pipa zima likawa urojo mzito kama uji wa sabuni, na hakuna kilichojitenga. Kijana wetu mmoja amesoma kwamba maganda ya mayai yakichomwa yanachukua nafasi ya kostiki, hayatengenezi sabuni, hayahitaji kuosha dizeli kwa maji, na hutumika tena na tena. Je, ni kweli? Kama ni kweli, tufanyeje?

Jibu: Marahaba, na poleni sana kwa hasara hiyo. Nianze na jibu la kifupi, maana najua mnalisubiri. Kijana wenu amesoma jambo la kweli, ila amelipata nusu. Maganda ya mayai yaliyochomwa sawasawa hugeuka oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa ambayo bado haijaguswa na maji, na chokaa hiyo ni kichocheo kizuri, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuliwa, cha kugeuza mafuta ya mimea kuwa dizeli. Ni kweli pia kwamba inaweza kurudiwa kutumika. Lakini kama mngeitia katika mafuta yaleyale ya mwezi uliopita, pipa lingeharibika vilevile, tena kwa namna iliyo ngumu zaidi kuiokoa, kwa sababu kosa lilikuwamo ndani ya mafuta kabla hamjafungua methanoli: nina hakika kubwa kwamba yalikuwa na tindikali nyingi mno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itahusu tindikali hiyo, na chokaa nitaifikia baadaye, mahali pake.

Mafuta ya mimea yameundwa kwa minyororo mitatu mirefu ya tindikali za mafuta iliyoshikwa pamoja na gliserini, kama vidole vitatu vilivyoota kwenye kiganja kimoja. Methanoli, ikisaidiwa na kichocheo, huikata minyororo hiyo mmoja baada ya mwingine na kujiunga nayo. Kila mnyororo uliokatwa hivyo huwa esta ya methili, ambayo ndiyo dizeli ya mimea, na gliserini hubaki peke yake na kuzama chini kwa sababu ni nzito. Faida yake huonekana kwenye mnato, yaani jinsi mafuta yanavyokuwa mazito kumiminika. Mafuta ghafi ya mbono kaburi yakiwa kwenye joto la nyuzi 40 za Selsiasi yana mnato wa karibu milimita za mraba 35 kwa sekunde, ilhali kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 14214 kinataka dizeli ya mimea iwe kati ya 3.5 na 5. Injini ya kisasa haiwezi kurusha mafuta mazito kiasi hicho kwa matone madogo, na ndiyo maana tunayakata.

Shida ni kwamba katika mafuta yaliyotoka kwenye mbegu zilizochakaa, sehemu ya minyororo hiyo huwa imekwisha kukatika yenyewe na inaelea huru. Hizo tunaziita tindikali huru za mafuta. Kostiki ikikutana nazo huungana nazo papo hapo na kutoa sabuni na maji, kabla haijapata nafasi ya kufanya kazi ya kichocheo. Tupige hesabu kwa pipa lenye kilo 50 za mafuta. Kipimo cha kawaida cha kostiki ni karibu asilimia 1 ya uzito, yaani gramu 500. Watafiti waliopima mafuta ghafi ya mbono kaburi yaliyohifadhiwa vibaya wamekuta tindikali huru za asilimia 14 na 15. Tukichukua asilimia 14, ndani ya pipa hilo kuna kilo 7 za tindikali, na kuzizima zote kunahitaji kostiki karibu gramu 990. Maana yake kostiki yenu yote imeliwa na tindikali, nusu ya tindikali bado imebaki, na mmepata karibu kilo 4 za sabuni iliyochanganyika na mafuta ambayo hayajaguswa. Sabuni ikishakuwa nyingi kiasi hicho huyashika mafuta, methanoli na gliserini pamoja, na huo ndio urojo mliouona.

Sasa tazameni chokaa ingefanya nini humohumo. Chokaa nayo ni adui wa tindikali. Nayo ingeungana nazo na kutoa sabuni, safari hii sabuni ya kalsiamu. Kama mmewahi kufulia kwa maji magumu ya kisima, mmeiona: ni yale makapi meupe yanayoelea juu ya beseni na kung'ang'ania nguo, ambayo hayayeyuki hata ukiongeza maji. Sabuni ya kostiki angalau huondoka kwa maji ya moto. Hii ya kalsiamu huziba vichujio, huifunika chokaa yenyewe isifanye kazi, na hujificha ndani ya dizeli mpaka ifike kwenye nozeli za injini.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kuchoma chochote, pimeni tindikali. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Yeyusheni gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji safi yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari, wala si ile tindikali ya betri. Katika glasi ndogo wekeni mililita 10 za isopropanoli kutoka kwa muuza kemikali, na matone machache ya binzari ya manjano iliyolowekwa kwenye spiriti. Kwanza dondosheni maji ya kostiki kwenye isopropanoli hiyo peke yake mpaka rangi ianze kugeuka, kwa kuwa nayo huwa na tindikali kidogo ambayo haipaswi kuhesabiwa. Kisha ongezeni mililita 1.1 za mafuta yenu, ambazo uzito wake ni karibu gramu 1, mkitumia bomba la sindano lisilo na sindano. Rangi itarudi kuwa manjano. Endeleeni kudondosha huku mkitikisa, na mhesabu mililita mpaka manjano igeuke nyekundu na kubaki hivyo kwa nusu dakika. Kila mililita 1 iliyoingia ni sawa na asilimia 0.7 ya tindikali huru. Zikiingia mililita 1 au 2, mafuta yenu ni mazuri au yanakaribia. Zikiingia 20, mmepata jibu la pipa lililoharibika.

Tindikali hiyo hutoka kwenye namna mbegu zinavyotunzwa, na hapa ndipo kikundi chenu kinaweza kushinda bila kutumia fedha. Mbegu ya mbono kaburi ina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunja mafuta ili mche upate chakula unapoota. Unyevu na ganda lililopasuka huviamsha. Tunda lililoachwa mpaka likaanguka, likanyeshewa, likaokotwa baada ya wiki mbili na kurundikwa kwenye gunia lisilopitisha hewa litatoa mafuta makali hata mkifanya nini baadaye. Chumeni matunda yakiwa yamegeuka manjano au yameanza kukauka mtini, yamenyeni, anikeni mbegu kivulini juu ya mkeka na si juu ya udongo, na mkamue ndani ya majuma machache. Kabla ya kukamua pasueni mbegu 20 za kila gunia na mtazame viini. Kiini kizuri ni cheupe kama nazi na kinang'aa mafuta ukikibonyeza kwa ukucha. Kilichogeuka rangi ya kahawia, au chenye ukungu, kiende pembeni pamoja na gunia lake. Osheni mikono baada ya kazi hiyo na msimwache mtoto aonje, kwa maana mbegu hizi ni sumu, na mashudu yake pia ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe, ingawa shambani ni mbolea nzuri.

Mafuta yakishakamuliwa, yaacheni yatue kwa siku kadhaa, yachujeni kwa kitambaa kizito, kisha yapasheni mpaka nyuzi 110 ili maji yatoke. Mtasikia yakitatarika kama kitunguu kwenye karai. Yakinyamaza, maji yamekwisha. Msiruke hatua hii. Maji hukata minyororo mipya ya tindikali, na hugeuza chokaa mnayotaka kuitumia kuwa chokaa iliyozimika.

Mkipata mafuta yenye tindikali isiyozidi asilimia 1, njia iko wazi mbele yenu. Yakiwa kati ya hapo na asilimia 4 hivi, ningeyachanganya na mafuta mazuri zaidi ya msimu mpya mpaka wastani ushuke. Yakiwa juu zaidi, vitabu vitawaambia myatibu kwanza kwa methanoli na tindikali ya salfuri, ili zile tindikali huru zenyewe zigeuzwe kuwa esta. Njia hiyo inafanya kazi: kwa tindikali ya salfuri asilimia 1, methanoli asilimia 60 ya uzito wa mafuta, na nyuzi 50 kwa saa moja, mafuta ya mbono kaburi yenye tindikali huru asilimia 15 yameshushwa mpaka chini ya asilimia 1. Lakini tazameni gharama yake. Kwa pipa la kilo 50 hizo ni kilo 30 za methanoli kabla hamjaanza kazi yenyewe. Tena kila tindikali inayogeuka esta hutoa maji. Zile kilo 7 tulizohesabu zingetoa karibu nusu lita ya maji, ambayo lazima yaondolewe pamoja na mabaki ya salfuri kabla chokaa haijaingia. Kwa kikundi cha lita 60 kwa mwezi, sioni kwamba inalipa.

Hapo ndipo wengi huuliza kuhusu vichocheo vigumu, yaani visivyoyeyuka, vya upande wa pili, yaani vile vyenye tabia ya tindikali, ambavyo haviogopi tindikali huru. Vipo, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba mafuta yasiyoliwa yatapata tiba yake huko. Mwaka 2005 watafiti wa Japani, Michikazu Hara akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba sukari ya kawaida ikichomwa nusunusu kwa joto la nyuzi 400 hivi, kisha mkaa wake ukatibiwa kwa tindikali kali ya salfuri, hubaki unga mweusi ulioshika tindikali mwilini mwake, ambao hugeuza tindikali za mafuta kuwa esta na kuchujwa ukiwa mzima. Tangu hapo pumba, vifuu na maganda ya kila aina yamejaribiwa kwa njia hiyohiyo, na kuna pia resini na oksidi za zikonia zilizotiwa salfeti zinazofanya kazi inayofanana. Kasoro yake ni kwamba ni vya polepole, na vikianza kugeuza mafuta yenyewe badala ya tindikali huru tu, huhitaji joto kubwa kuliko linaloweza kushikiliwa na pipa la kawaida. Nawasihi kwa dhati msijaribu kutengeneza mkaa huo nyumbani: tindikali kali ya salfuri iliyopashwa moto kupita nyuzi 100 haina msamaha kwa macho wala kwa mapafu.

Sasa nije kwenye chokaa yenu. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti kwa zaidi ya asilimia 90, sawa na matumbawe, kombe za baharini na mawe ya chokaa. Likichomwa kwenye nyuzi 900 kwa saa 3 hivi hutoa hewa ya kaboni na kubaki oksidi ya kalsiamu. Tatizo la kwanza ni joto lenyewe, kwa sababu jiko la mkaa la kupikia halifiki huko kwa uhakika, na rangi haitoshi kuwaambia. Ganda hugeuka jeusi, kisha kijivu, kisha jeupe, na weupe huo huja mapema sana, wakati sehemu kubwa ya ndani bado ni kaboneti. Mizani ndiyo inayosema kweli: gramu 100 za kaboneti safi zikiiva zote hubaki gramu 56. Mkipima zikawa 80, rudisheni motoni. Kipimo cha pili ni kuchukua chembe kidogo, kuizima kwa matone ya maji kwa uangalifu maana itachemka, kisha kuidondoshea siki. Ikitoa mapovu mengi, haijaiva.

Tatizo la pili ni wingi. Chokaa inayotakiwa ni karibu asilimia 3 ya uzito wa mafuta, kwa hiyo pipa la kilo 50 linataka kilo 1.5. Yai moja likiiva hutoa gramu 3 hivi za chokaa. Hayo ni mayai zaidi ya 500, yaani trei 17, na hata muuza chipsi mayai aliye hodari atachukua siku kadhaa kuwakusanyia maganda yake, ambayo nayo lazima yaoshwe na kukaushwa. Maganda ya mayai yanapendwa katika maabara kwa sababu ni safi na ni bure kwa gramu 10 au 20. Kwa kazi ya pipa mimi ningekwenda moja kwa moja kwa wachoma chokaa. Pwani yetu imechoma matumbawe kwa ajili ya nyumba za mawe kwa karne nyingi, na Tanga mawe ya chokaa yapo tele. Mawe yaliyotoka tanurini leo, yakiwa bado mabonge, ni kichocheo kilekile. Chokaa ya unga ya mfuko wa duka la vifaa vya ujenzi haifai jinsi ilivyo, kwa kuwa imekwisha kuzimwa kwa maji, na nguvu yake kama kichocheo ni ndogo mno.

Bonge likifika, lipondeni liwe unga laini, lichomeni tena kidogo kama limekaa zaidi ya siku chache, na mlifungie ndani ya kopo lisiloingiza hewa likingali na uvuguvugu. Chokaa hunyonya unyevu na hewa ya kaboni kutoka hewani bila kuonyesha dalili yoyote, na unga uliolala wazi usiku mmoja wa masika asubuhi huwa kitu kingine kabisa. Vaeni miwani ya kazi na mfunike pua, kwa sababu vumbi lake huunguza macho.

Katika mkupuo wa kilo 50, kanuni ya kemia inadai methanoli lita 7 tu, lakini kwa chokaa inabidi kutia mara nne ya hapo, kama lita 28, ili kazi isonge mbele na isirudi nyuma. Kwanza changanyeni chokaa na methanoli kwa nusu saa, kisha mtie mafuta yaliyopashwa, na mshikilie nyuzi 60 kwa saa 2 au 3 huku mkikoroga kwa nguvu bila kuacha. Kukoroga hapa ni sehemu ya kichocheo chenyewe, kwa kuwa mna vitu vitatu visivyopatana: mafuta, methanoli na unga mgumu, na kazi hufanyika pale tu vinapogusana. Kostiki, kwa kuwa huyeyuka, humaliza kazi hiyo ndani ya saa moja, tena kwa nusu tu ya methanoli hiyo. Zile lita 21 zinazobaki lazima zirudishwe kwa kuvukizwa na kupozwa ndani ya mtambo uliofungwa. Mkiziacha ziende hewani, dizeli yenu itakuwa ghali kuliko ya kituo cha mafuta.

Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7, mvuke wake huwaka, na mwali wake mchana kweupe hauonekani kwa macho. Ikinywewa kidogo hupofusha, na ikizidi huua. Hupenya pia kwenye ngozi. Pipa la kuchanganyia lisiwekwe kamwe juu ya moto wa kuni, mkaa wala gesi. Chemsheni maji mahali pengine, yaleteni, na pipa lenu lililofunikwa likae ndani ya pipa kubwa la maji hayo ya moto. Mtakapoona uvivu wa kubeba maji kila mara, kumbukeni kwamba mnafanya kazi na kitu ambacho hamtauona moto wake.

Mkiacha mchanganyiko utue usiku kucha, mtakuta tabaka: juu esta yenye rangi ya chai ya rangi, chini gliserini ya kahawia, na chini kabisa matope ya chokaa. Mara nyingi kati ya esta na gliserini kuna utando mweupe mwembamba, nao ni sabuni ya kalsiamu, na unene wake ni kipimo cha uaminifu cha tindikali iliyokuwa imebaki. Ili kujua kama mafuta yamekatika yote, chukueni mililita 3 za esta na mzitikise ndani ya mililita 27 za methanoli kwenye joto la nyuzi 20 hivi. Esta huyeyuka yote, na mafuta ambayo hayajakatika hudondoka chini kama shanga ndogo.

Hapa nirudi kwenye ahadi ya kwamba dizeli ya chokaa haihitaji kuoshwa. Nakumbuka chupa ya kwanza niliyotengeneza mwenyewe kwa chokaa nikiwa mwanafunzi. Esta ilikuwa angavu kiasi cha kusomea gazeti kupitia kwake, na niliiacha dirishani kwa fahari. Baada ya wiki tatu chini ya chupa kulikuwa na ukungu mweupe, na sampuli ilipopimwa, kalsiamu yake ilikuwa imepita kikomo mara nyingi. Sababu ni kwamba chokaa si ngumu kama jina la kichocheo kigumu linavyodai. Sehemu yake huyeyuka kidogo katika methanoli, na nyingine huungana na gliserini inayozaliwa. Kwa kweli mchanganyiko huo wa kalsiamu na gliserini nao ni kichocheo, na hufanya sehemu ya kazi tunayoisifia chokaa. Kiwango cha EN 14214 kinaruhusu kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja miligramu 5 tu katika kila kilo ya dizeli. Kwa hiyo bado mtaosha, ingawa kwa maji machache kuliko ya kostiki: mara moja kwa maji ya uvuguvugu yenye tindikali kidogo ya limau ya unga, ambayo huikamata kalsiamu na kuiangusha, kisha kuchuja na kukausha kwa joto. Wilaya yenye uhaba wa maji kama yenu itaiona tofauti hiyo.

Kurudia kutumia pia kuna mpaka wake. Matope ya chokaa yakioshwa kwa methanoli, yakakaushwa na kuchomwa upya, hufanya kazi mikupuo kadhaa, kila mara kwa nguvu iliyopungua, mpaka siku mtakapoona utando wa kati ukinenepa na shanga zikidondoka kwenye kipimo cha methanoli. Kichocheo kigumu kinachokaa miaka kipo, lakini katika hali nyingine kabisa. Huko Sète, mji wa bandari nchini Ufaransa, kiwanda chenye uwezo wa tani 160,000 kwa mwaka kilianza mwaka 2006 kikitumia oksidi ya zinki na alumini iliyopangwa ndani ya minara. Mafuta yaliyokwisha kusafishwa hupita juu yake kwa joto la karibu nyuzi 200 na mgandamizo mkubwa, na gliserini hutoka ikiwa safi kwa zaidi ya asilimia 98. Ndoto ya kijana wenu imetimia kule, kwa chuma kizito na mafuta yasiyo na tindikali.

Pengine mtafikiria kuepuka methanoli kwa kutumia pombe ya kienyeji. Wazo si geni: mwaka 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa esta kwa ajili ya injini, na mwaka 1938 basi lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa esta za mawese na ethanoli, yaani ile pombe inayonyweka, wakati ambapo Ubelgiji iliyatazama mawese ya Kongo kama akiba ya mafuta ya injini. Lakini ethanoli hiyo lazima iwe kavu karibu asilimia 100, na kukeneka kwa kawaida, hata kukirudiwa mara ngapi, hakupiti asilimia 96. Gongo lina maji mengi zaidi ya hapo, na maji hayo yataizima chokaa. Vilevile msichanganye mafuta ya nyonyo humo ili kuongeza ujazo. Esta yake peke yake ina mnato wa karibu 15, mara tatu ya kikomo.

Mmeniuliza mfanyeje, nami nitasema kama ningekuwa mmoja wa watu 12. Msimu huu ningeweka nguvu zote kwenye uchumaji na uanikaji, na kupima tindikali ya kila debe. Mafuta yatakayokuwa chini ya asilimia 1 ningeyajaribu kwa lita 1 tu katika chupa, mara tatu kwa kostiki (au potasi kali, ndugu yake) na mara tatu kwa chokaa, kabla ya kugusa pipa. Na ningeuliza swali ambalo hamkuliuliza: injini yenu ni ya aina gani? Kama ni ile ya Lister ya mwendo wa polepole inayozungusha mashine ya kusaga, mafuta ya mbono kaburi yaliyochujwa vizuri, yasiyo na maji wala tindikali nyingi, yanaweza kutumika bila kugeuzwa, mradi injini iwashwe kwa dizeli ya kawaida mpaka ipate moto, na izimwe kwa dizeli hiyohiyo ili bomba zisibaki na mafuta mazito. Kwa lita 60 kwa mwezi, hiyo ingeweza kuwaondolea methanoli kabisa. Pikapu au trekta la kisasa haliwezi kuvumilia hivyo, na hapo dizeli ya esta ndiyo njia.

Kuhusu pipa lililoharibika, msilimwage. Liacheni mahali pa wazi penye upepo, mbali na moto, watoto na mifugo, mpaka methanoli iondoke, kisha mlimalizie liwe sabuni ya kufulia, ambayo mafuta makali ya mbono kaburi yanaifaa kuliko injini yoyote. Kila kilo 1 ya mafuta haya inataka kostiki gramu 135 hadi 140 ili iwe sabuni yote. Toeni kwenye hesabu ile mliyokwisha kuitia, na mjaribu kwa kilo 1 kwanza. Mkiniandikia tena, nipeni namba tatu: mililita zilizoingia katika kipimo cha tindikali cha mafuta ya mbegu mpya, uzito wa chokaa kabla na baada ya kuchomwa, na aina ya injini yenu.